Camry mpya: miezi minane barabarani, na bei niliyolipa kweli

Ndugu zangu, habari za huko mliko.

Tangu niwaambie kwamba nimenunua Toyota Camry ya 2025 huku Marekani, simu hazijakoma. Inakula mafuta kiasi gani, betri ikifa itakuwaje, na zaidi ya yote, umelipa ngapi? Leo nimekaa niandike mara moja, mwenye haja asome. Naanza na bei, kwa sababu gari halijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni makaratasi.

Hii ni Camry ya kizazi cha tisa. Toyota waliionyesha Novemba 2023 na ikaingia sokoni 2024. Badiliko kubwa ni kwamba ya petroli tupu haipo tena, na ile ya V6, yaani injini ya silinda sita, nayo imeondoka. Zote sasa ni haibridi: injini ya lita 2.5 yenye silinda nne, inasaidiana na mota za umeme, jumla nguvu za farasi 225, au 232 ukichukua inayovuta magurudumu yote manne. Huichomeki popote, inajichaji yenyewe ukishika breki na injini ikiwa inafanya kazi. Inauzwa kwa madaraja manne. Ilipotoka, LE ilikuwa dola 28,400, SE 30,700, XLE 33,400 na XSE 34,600, na juu ya kila moja ulilipa 1,095 za kuleta gari kutoka kiwandani. Kuvuta magurudumu manne kuliongeza 1,525. Kila toleo la mwaka lina bei yake, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa dirishani ndiyo ya kuamini. Sheria ya serikali kuu ya Marekani tangu 1958 inataka kila gari jipya liwe nayo, na anayeruhusiwa kuibandua ni mnunuzi.

Mimi nilichukua LE. Dirishani ilisoma 30,129, pamoja na usafiri, mazulia ya miguuni na vikorokoro viwili vitatu vya kiwandani. Tukakubaliana bei hiyohiyo, tukapeana mikono, nikapelekwa ofisi ya fedha. Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kijana wa ofisi ile alinigeuzia skrini, kidole chake kimetulia kwenye mstari mmoja tu, malipo ya kila mwezi. Nikamwomba anichapishie karatasi yote. Akasema si lazima. Nikasema mimi nasoma vizuri zaidi kwenye karatasi. Ilipotoka, jumla ilikuwa zaidi ya 34,400. Nikashuka mstari kwa mstari na kalamu mkononi: hewa ya naitrojeni kwenye matairi, namba ya utambulisho wa gari (VIN, si ile ya kibao) kuchorwa kwenye vioo, ulinzi wa kingo za milango, dawa ya kulinda rangi. Vyote vimefungwa pamoja kwa 1,995, na kodi juu yake. Nikaambiwa haviwezi kuondolewa kwa sababu tayari vimo kwenye gari. Nikatoka nje kuangalia. Nilikuta vifuniko vinne vya kijani kwenye matairi, na vipande vya plastiki kwenye milango, vyembamba kama kamba ya kiatu.

Nilirudi ndani nikawaambia kwa upole kwamba nanunua gari lililoandikwa dirishani, hayo mengine sikuyaagiza. Nikachukua funguo zangu za gari la zamani mezani. Walinifuata kabla sijafika mlangoni. Karatasi mpya ikawa hivi: gari 30,129, kodi ya mauzo ya Texas asilimia 6.25 ambayo ni 1,883, ada ya makaratasi 150, usajili na hati 120. Jumla 32,282. Tofauti ni zaidi ya dola 2,100, na sikubishana nao kwa sauti hata kidogo.

Ada ya makaratasi inategemea jimbo. California wameweka kikomo cha dola 85, New York 175, na Florida hakuna kikomo, kwa hiyo huko unaweza kukuta mamia. Ndiyo maana msiulize "bei ni ngapi". Ulizeni bei ya mwisho, kila kitu ndani, hadi funguo zinaingia mkononi, na waitume kwa barua pepe kabla hujaondoka nyumbani. Anayekataa kuiandika, achana naye, nenda yadi nyingine.

Kuhusu mkopo. Wengi wetu tulifika hapa bila historia yoyote ya mikopo, na muuzaji akiliona hilo anajua una wasiwasi wa kukataliwa. Benki inampa riba yake, naye mara nyingi anaruhusiwa kuongeza kidogo na kubaki na sehemu ya tofauti. Nenda kwanza krediti yunioni yako, yaani chama cha akiba na mikopo, uombe kibali cha mkopo, ukaingie yadi ukiwa na riba yako mfukoni. Ukiomba mahali kadhaa ndani ya wiki mbili, mfumo unaompa kila mkopaji alama za uaminifu wa kulipa unayahesabu maombi hayo ya gari kama ombi moja, kwa hiyo usiogope kulinganisha. Chukueni mkopo wa 25,000 kwa miezi 60. Kwa asilimia 6.5 unalipa kama 489 kwa mwezi, kwa asilimia 8.5 unalipa kama 513. Hizo dola 24 ni zaidi ya 1,400 hadi umalize. Na wakikushushia malipo kwa kukupeleka miezi 84 kwa riba ileile ya 8.5, mwezi utaona 396 na utafurahi, lakini mwishoni umelipa karibu 2,500 zaidi ya yule wa miezi 60.

Sasa gari lenyewe. Serikali inaipa LE inayovuta magurudumu mawili maili 51 kwa galoni. Yangu inanipa 48 kwa wastani. Mjini kwenye foleni inapita 50 bila shida, lakini ukikaa maili 75 kwa saa kwenye barabara kuu inashuka. Gari langu la zamani lilikuwa 27. Kwa maili 15,000 kwa mwaka hiyo ni kama galoni 240 ambazo sizinunui tena.

Asubuhi unatoka kimyakimya. Mtoto wangu mdogo wiki ya kwanza alikuwa akiniuliza, "Baba, umewasha?" Kwenye taa nyekundu injini inazima na kiyoyozi kinaendelea kupuliza baridi, jambo ambalo kwa joto la huku ni neema. Viti vya LE ni vya kitambaa, na mgongo wangu umevipenda kuliko vya ngozi nilivyojaribu kwenye XLE. Magurudumu yake ni ya inchi 16, wakati SE na XLE ni 18 na XSE ni 19. Matairi madogo hayana sura, lakini yanapita mashimo kwa ulaini na siku ya kuyabadilisha utalipa kidogo.

Kasoro zipo. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kuingia barabara kuu, injini inanguruma kwa sauti moja ndefu hadi ufikie mwendo, na mama watoto haipendi kabisa sauti hiyo. Skrini ya LE ni inchi 8, wakati XLE na XSE wana 12.3. Simu inaunganika bila waya, kwa hiyo sijaikosa ile kubwa. Kingine ni ule msaada wa usalama unaopunguza mwendo wenyewe ukikaribia kona au gari la mbele. Mara ya kwanza nilidhani breki zimeshika. Unaweza kuupunguza kwenye mipangilio, ila mimi nimeuacha, maana siku moja jioni ulipunguza mwendo kabla mimi sijaona taa za breki za gari la mbele.

Betri. Iko chini ya kiti cha nyuma, na dhamana yake ni miaka 10 au maili 150,000, chochote kitakachotangulia. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo tundu la hewa huko nyuma lisizibwe na blanketi wala mabegi ya shule. Huduma za kawaida ni bure kwa miaka miwili au maili 25,000. Hii kila mtu aitumie, mmeshailipia ndani ya bei.

Maswali yaleteni hapahapa ili wote tusome.

Ujumbe wa pili, dada kutoka Minnesota

Asante sana kaka kwa kuandika kwa kina. Mimi nilipita kwenye ofisi kama hiyo mwaka jana na nililipa zile plastiki za milango bila kujua. Sikuwahi kumwambia mtu, niliona aibu.

Nina maswali mawili. Huku theluji inakaa miezi mitano, je, hiyo ya magurudumu manne ni ya kweli au ni jina tu? Na nina watoto watatu, wawili bado kwenye viti vyao. Wataenea nyuma?

Jibu

Dada yangu, usione aibu. Ile karatasi imepangwa ili mtu aliyechoka asiione, na pale unafika umechoka baada ya saa nne.

Theluji: kule nyuma haiendi shafti kama kwenye magari tuliyoyazoea. Ekseli ya nyuma ina mota yake ya umeme, nayo inasukuma pale magurudumu ya mbele yanapotaka kuteleza au unapoondoka. Ni ya kweli kwa kutoka kwenye maegesho yenye barafu au kupanda mteremko. Mafuta inapoteza kidogo sana. Lakini kusimama na kukata kona ni kazi ya matairi, na mota ya nyuma haisaidii hapo. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, nunua matairi ya theluji kwanza. Jua pia kwamba msimu wa baridi injini huwaka mara nyingi zaidi ili kupata joto la ndani ya gari, kwa hiyo usitegemee 51 mwezi wa Januari.

Watoto watatu: hapa sitaki kukufurahisha tu. Wangu ni wawili, na wanakaa vizuri. Nilipojaribu kuongeza kiti cha tatu katikati, cha mtoto wa ndugu yangu, kiliingia, lakini mkono haukupita kufunga mkanda wa yule mkubwa. Nilitokwa jasho robo saa nikakitoa. Vyuma vya kushikia viti vya watoto viko pande mbili za nje tu, wa katikati anafungwa kwa mkanda wa gari. Nenda yadi na viti vyako mwenyewe, vifunge vyote viwili, mkubwa akae katikati, na mrefu kuliko wote kwenu akae mbele. Kama kuna kiti kinachotazama nyuma, dereva mrefu atabanwa magoti. Muuzaji asiyekupa nafasi ya kufanya hivyo hana haki ya fedha zako.

Ujumbe wa nne, mzee wetu wa Ohio

Nawasalimu wanangu. Naongezea mawili.

La kwanza, msisahau ile sheria ya kodi ya Julai 2025. Riba ya mkopo wa gari jipya lililounganishwa Marekani, mkopo ulioanza baada ya Desemba 31, 2024, inaweza kukatwa kwenye kipato hadi dola 10,000 kwa mwaka, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Inapunguza kipato kinachotozwa, si kodi yenyewe. Liwe gari la matumizi binafsi, na la kukodi kwa miaka haliingii. Kipato kikizidi 100,000 kwa mtu mmoja, au 200,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, nafuu inaanza kupungua. Camry za hapa zinaunganishwa Georgetown, Kentucky. Tazama ile namba ya VIN: ikianza na 1, 4 au 5 imeunganishwa hapa. Namba hiyo utaiandika kwenye fomu ya kodi.

La pili, kuna vijana wanaambiwa "rudisha ndani ya siku tatu ukibadili mawazo". Kwa gari ulilonunua yadi hakuna sheria ya taifa ya namna hiyo. Ukisaini ni lako. Na kama umeondoka na gari kabla mkopo haujathibitishwa, wanaweza kukupigia wiki ijayo wakutake usaini riba kubwa zaidi. Kijana mmoja hapa kwetu lilimkuta, na gari lake la zamani walikuwa wameshaliuza. Ulizeni kwa maandishi kama mkopo umekamilika.

Jibu

Shikamoo mzee, na asante. Hilo la siku tatu hata mimi nilikuwa nikiliamini.

Ndugu mmoja ameniandikia pembeni akiuliza kama anunue sasa, alitumie miaka minne kisha arudi nalo Kenya. Ndugu, usukani wa huku uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya kawaida ya usukani wa kushoto. Lihesabu kama gari la kuuzia hukuhuku, na ujue hivyo kabla ya kuongeza vikorokoro.

Ile karatasi ya kwanza na ya pili bado ninazo zote mbili. Nimefuta jina la yadi na langu, anayezitaka anijibu nimtumie picha. Dada wa Minnesota, ukipata bei yako iliyoandikwa, ilete kabla hujasaini, tuisome pamoja mstari kwa mstari.