Corolla 110: nafunga mkanda wa taimingi, kemshafti inabaki nyuma jino moja

Mwalimu wa Makorora (Jumapili, saa 2 asubuhi)

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Gari limefunguliwa uani tangu jana asubuhi na kesho natakiwa shuleni Pongwe, hapa Tanga, naomba msaada.

Ni Corolla 110 ya 1997, injini 5A, gia za mkono. Aliniachia baba, Mungu amrehemu. Mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (shafti ya chini) na kemshafti (shafti ya juu inayofungua vavu), mara ya mwisho aliubadili yeye mwenyewe, hapa hapa chini ya mwarobaini, mimi nikimshikia tochi. Akaandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: BELTI 118,400. Sasa dashibodi inasoma 221,340. Baba alikuwa akisema ukifika kilomita laki moja usingoje ishara, maana mkanda huu hautoi ishara. Nimepitiliza, na roho ilikuwa hainitulii kila ninapopita Majani Mapana asubuhi na watoto wa jirani wamekaa nyuma.

Nilitoa waya wa betri, tairi la mbele kulia, mikanda ya nje, plagi zote nne na tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Injini niliishikiza kwa jeki, nikaweka kipande cha mninga chini ya sampu (bakuli la oili), ndipo nikafungua mauntingi (kishikio cha injini) ya upande wa mikanda. Boliti ya puli ya krenki, namba 19, ndiyo iliyonitesa. Niliweka gia ya tano, mpwa wangu akakanyaga breki kwa nguvu zote, nikavisha bomba la maji la mita moja kwenye mpini wa soketi. Ililia kama bawaba yenye kutu, ikaachia.

Kosa ninaloliona ni moja: mkanda wa zamani niliukata kwa kisu badala ya kulegeza tenshena (kapi linalokaza mkanda), na kemshafti ikaruka kidogo. Niliirudisha. Nikivisha mkanda mpya alama zote zinakaa vizuri, krenki na kemshafti. Lakini nikiachia tenshena na kuzungusha krenki mizunguko miwili, krenki inarudi kwenye alama na kile kitundu chenye herufi K kwenye gia ya kemshafti hakifiki. Kinabaki nyuma jino moja. Nimerudia mara nne, matokeo ni yale yale.

Je, vavu zimepinda ile kemshafti iliporuka? Au mkanda wenyewe ni feki? Nimeununua Ngamiani kwa shilingi 45,000.

Dereva wa Hiace, Muheza

Mwalimu, pole. Ushauri wangu usizungushe tena, mwite fundi. Mimi mkanda ulinikatikia karibu na Mombo nikiwa na abiria, Hiace ya 3L. Injini ilizima papo hapo. Vavu zilipinda, silinda hedi ikashuka, nikakaa siku 9 bila kazi. Na taa ya T-BELT, ile ya dashibodini ya kukumbusha mkanda, haikuwahi kuwaka hata siku moja! Injini si kitu cha kujifunzia.

Fundi mstaafu, Chumbageni

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza, hujaharibu kitu.

Ndugu yangu wa Hiace, pole sana kwa yaliyokukuta, ila hiyo ni dizeli. 3L mkanda ukikatika pistoni inapanda na kukuta vavu iko chini, haina pa kupita. 5A ya petroli imeachiwa nafasi: mkanda ukikatika gari litazima tu, vavu na pistoni havikutani. Ndiyo maana kemshafti ya mwalimu imeruka na hakuna kilichopinda. Na hiyo taa ya T-BELT haiuoni mkanda. Inafuata hesabu ya kilomita tu, laki moja zikitimia inawaka, na aliyebadili mkanda anairudisha mwanzo kwa mkono. Anayeuza gari anaweza kuirudisha bila kugusa mkanda. Ukinunua dizeli ya mtu, fungua kava uuone mkanda kwa macho yako.

Sasa mwalimu. Jino lako moja limejificha upande usio na tenshena. Tazama: krenki inazunguka kulia, kwa hiyo inauvuta mkanda upande mmoja, na upande wa pili ndio wenye tenshena. Wewe unapovisha, alama zinakaa, lakini mkanda wa upande ule wa kuvutwa umelegea kiasi cha jino moja. Huuoni ulegevu kwa sababu mkanda mpya ni mgumu, umejikunja kidogo tu. Ukizungusha, krenki inakula ulegevu ule kwanza kabla ya kuanza kuivuta kemshafti. Ndiyo maana inabaki nyuma, tena jino zima. Hata ukirudia mara kumi, ukivisha vile vile utapata vile vile.

Fanya hivi. Rudisha tenshena, kaza boliti yake ikae pembeni. Alama ya krenki usiitazame kwenye puli, itazame kwenye gia yenyewe, ikabiliane na alama iliyo kwenye bodi ya pampu ya oili. Anzia chini: visha mkanda kwenye gia ya krenki, upandishe upande usio na tenshena ukiwa umeunyoosha kabisa. Katikati ya kemshafti kuna sehemu ya pembe sita, ishike kwa spana, usogeze gia ya juu kidogo kulia mpaka jino linalofuata likubali kuingia, kisha iachie irudi. Upande ule utakaza kama uzi wa kuanikia nguo, na ulegevu wote utahamia kwa tenshena. Hapo ndipo unailegeza boliti ya tenshena, springi ivute yenyewe. Usiisukume kwa bisibisi. Zungusha kulia mizunguko miwili kwa mkono, usirudi kushoto hata kidogo, alama zikikaa kaza tenshena.

Hapa naomba unisikilize sana: ile sahani inayokaa mbele ya gia ya krenki, upande wenye bakuli utazame nje. Ukiigeuza itakula ukingo wa mkanda na hutajua. Boliti ya puli inakazwa Nm 118, ya tenshena Nm 37. Kama huna spana ya kupimia, kaazime, usikisie.

Na mkanda wa zamani ulikuwa na oili? Hesabu pia meno ya ule uliokata na ya mpya, yalingane.

Kijana wa Mikanjuni

Fundi shikamoo. Mimi nina IST yenye injini ya 1NZ, nibadili mkanda lini?

Fundi mstaafu, Chumbageni

Marahaba. Hiyo ina mnyororo, si mkanda. Wewe badilisha oili kwa wakati.

Mwalimu wa Makorora (Jumatatu, saa 12 jioni)

Fundi, Mungu akupe umri mrefu. Meno yalilingana, niliyahesabu kwa chaki nikiwa na mpwa wangu. Ulegevu ulikuwa pale pale uliposema, nilipobonyeza kwa kidole mkanda ulizama. Nilivisha kwa spana kama ulivyoeleza, nikazungusha mara mbili, kitundu cha K kikatua kwenye alama. Nikazungusha mara mbili tena kwa sababu sikuamini.

Mkanda wa zamani ulikuwa mweusi wa oili upande wa chini. Sili ya krenki, mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imekauka kama ganda la chungwa, nikapata mpya Ngamiani kabla duka halijafungwa. Ile sahani, kweli nilikuwa nimeigeuza! Spana ya kupimia nimeazima kwa jirani anayefunga pampu za maji.

Gari liliwaka mara ya kwanza, na leo nimeenda Pongwe na kurudi. Ila niliporudi nimeona tone la oili juu, karibu na gia ya kemshafti. Niogope?

Fundi mstaafu, Chumbageni

Hiyo si ya kulala nayo, maana iko juu ya mkanda mpya. Ulipofunga tapeti kava ulipaka silikoni pale kepu ya mbele ya kemshafti inapoungana na hedi?

Mwalimu wa Makorora

Sikupaka. Sikujua.

Fundi mstaafu, Chumbageni

Basi ni hapo. Fungua kava, futa kwa petroli pakauke, paka kidogo pembe zote mbili, funga, uache usiku mzima bila kuwasha. Likitoka tone tena, ni sili ya kemshafti yenyewe, na hiyo itabidi mkanda utoke. Boliti za kava zikaze kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja kwanza. Halafu njoo siku moja na gari Chumbageni, tuunganishe TE1 na E1, matundu ya kisanduku cha kupimia chini ya boneti, tupime moto wa plagi kwa taa, ukae digrii 10. Kazi hiyo sitaki pesa.

Mwalimu wa Makorora

Nimefuta na nimepaka sasa hivi, mpwa wangu ndiye kanishikia tochi. Kesho naenda Pongwe kwa daladala, gari nalicheki nikirudi.