Mjadala: Haki ya Watamil wa Sri Lanka isubiri mahakama za Colombo, au itafutwe nje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Vita vya Sri Lanka, kati ya serikali na LTTE, waasi wa jamii ya wachache ya Watamil, viliisha tarehe 18 Mei 2009 kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wa Mullivaikkal, wilaya ya Mullaitivu. Serikali ilitangaza maeneo ambayo raia wa Kitamil wangeingia wasipigwe, kisha ikayapiga kwa mizinga, hospitali zikiwemo. LTTE nao waliwazuia raia haohao wasitoke, na waliojaribu kutoroka wakawapiga risasi. Jopo la Umoja wa Mataifa la 2011 lilisema raia waliokufa huenda walifika 40,000. Tathmini ya ndani ya UN ya 2012 ilitaja zaidi ya 70,000 wasiojulikana walipo. Askofu wa Mannar, Rayappu Joseph, alichukua hesabu za wakazi zilizoandikwa na ofisi za serikali yenyewe, akatoa idadi ya waliotoka wakiwa hai, akabaki na pengo la watu 146,679.

Miaka imepita na hakuna kamanda hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa yaliyotokea Mullivaikkal. Msimamo wangu ni kwamba haki itafutwe nje, na sababu yangu ni kesi ya Mirusuvil. Mwaka 2000 raia wanane, mmoja wao mtoto wa miaka mitano, walichinjwa. Sajini Sunil Ratnayake akahukumiwa 2015, Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu 2019, na Machi 2020 Rais Gotabaya Rajapaksa akamsamehe. Huyo rais ndiye aliyekuwa katibu wa wizara ya ulinzi mwaka 2009. Kesi moja ilikwenda hadi mwisho, nayo ikafutwa kwa saini moja. Karibuni.

Mwalimu Kombo

Mkuu, nje wapi? Taja mlango. Sri Lanka si mwanachama wa Mkataba wa Rome ulioiunda ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa hiyo ICC haiingii mpaka Baraza la Usalama liitume, au Colombo yenyewe iandike tamko la kukubali. La kwanza litakufa kwa kura ya turufu ya China au Urusi. La pili tusidanganyane.

Watu hupenda kutaja Arusha. Ile mahakama ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 kwa sababu serikali iliyoua ilikuwa imeshindwa vita na kukimbilia Zaire, na hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kuitetea. Na bado Rwanda, iliyokuwa na kiti kwenye Baraza mwaka huo, ilipiga kura ya kupinga, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba adhabu ya kifo haikuwemo. Sri Lanka hali ni kinyume: wanaotuhumiwa walishinda vita, wakashinda na uchaguzi.

Azimio 30/1 la Baraza la Haki za Binadamu la UN, mwaka 2015, lilitaja majaji na waendesha mashtaka wa kigeni, na Colombo ikalidhamini. Februari 2020 ikajitoa. Basi kilichobaki ni kuibana serikali iliyopo. Anura Kumara Dissanayake alichaguliwa rais Septemba 2024, na Novemba, kwenye uchaguzi wa bunge, muungano wake ukaongoza hata Jaffna, kaskazini kwa Watamil. Chama chake, JVP, kilipoteza maelfu ya vijana wa Kisinhala, jamii ya walio wengi, waliotekwa na kupotezwa kati ya 1987 na 1989 kilipoasi dhidi ya serikali. Wanajua uchungu huo.

Na msisahau kwamba ni mahakama ya Colombo iliyowahukumu mwaka 1998 wanajeshi waliombaka na kumuua mwanafunzi Krishanthi Kumaraswamy. Mmoja wao, baada ya hukumu, ndiye aliyeieleza mahakama kwamba miili 300 hadi 400 imezikwa Chemmani, karibu na Jaffna. Bila kesi ile Chemmani isingejulikana.

Mleta mada

Mwalimu, malizia basi. Mwaka 1999 walichimba Chemmani wakatoa miili 15, faili likalala. Limeamka Februari 2025 kwa bahati tu, mafundi waliokuwa wakijenga mahali pa kuchomea maiti walipogonga mifupa. Na huyo Dissanayake unayemsifu amekataa uchunguzi wa nje kama waliomtangulia.

Dada Nuru

Mnagombania mahakama, na ushahidi unaoza. Niingie hapo, maana hakuna jaji, awe wa Colombo au wa The Hague, atakayehukumu kwa mifupa iliyochimbuliwa ovyo.

Sri Lanka kaburi la halaiki likionekana, anayesimamia ni hakimu wa eneo. Anaita daktari wa mahakama na wanaakiolojia, na fedha zinatoka serikalini. Hapo ndipo kazi inapokwama kwanza. Kokkuthoduvai, Mullaitivu, kaburi lilionekana Juni 2023 wakati wa kuchimba mtaro wa mabomba ya maji. Uchimbaji ukasimama na kuanza tena kwa sababu ya fedha, mpaka mifupa ya watu 52 ikatolewa mwaka uliofuata. Kaburi lililofunguliwa likaachwa msimu wa mvua linaharibika kuliko ambalo halijaguswa: maji yanahamisha mifupa midogo ya vidole na meno, na tabaka za udongo zinachanganyika.

Kazi inayofaa huenda hivi. Eneo linagawanywa kwa kamba kuwa miraba, udongo unaondolewa tabaka kwa tabaka, kila mwili unapigwa picha ukiwa palepale pamoja na kipimo na alama ya kaskazini. Mwili unapewa namba yake, nguo na vitu namba zake, na udongo wote unachekechwa. Mkao wa mwili unasema mengi. Maiti aliyezikwa na nduguze analazwa. Aliyetupwa analala juu ya mwenzake, mikono popote. Katapila likipita, huo ushahidi umekwisha. Chemmani, kufikia Septemba 2025, mifupa ya watu zaidi ya 200 ilikuwa imeonekana, mingi kwa kina kifupi, ya watoto ikiwemo, na mkoba wa shule wa buluu na vitu vya kuchezea. Agosti mahakama iliruhusu vitu vioneshwe kwa umma ili jamaa wavitambue. Jambo jema, lakini kutambua mkoba au gauni ni dokezo tu. Nguo za msaada ziligawiwa kwa maelfu.

Sasa hatari kubwa, ambayo wanaharakati wengi hawaioni: umri wa mifupa. Mannar, 2018, zaidi ya mifupa ya watu 300 ilitolewa. Sampuli sita zikapelekwa maabara ya Florida kupimwa umri kwa kaboni 14, na jibu lililokuja 2019 likawa kati ya miaka 1404 na 1635. Serikali ikapumua. Matale, kaburi lililohusishwa na vijana wa JVP, mambo yalikuwa yaleyale: mwanaakiolojia alisema miaka ya 1980, maabara ikasema kabla ya 1950.

Sampuli sita kwa watu 300 zinaweza kuwa kweli kwa hao sita na zisiseme lolote juu ya wengine, hasa mahali palipozikwa watu kwa karne kadhaa. Swali sahihi la kuiuliza maabara ni kama mtu huyu alikuwa hai baada ya 1955. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni 14 hewani karibu mara mbili kufikia 1963, na kila aliyezaliwa baadaye ana alama hiyo mwilini. Gamba la jino huundwa utotoni na halibadiliki, kwa hiyo linaweza kukisia mwaka wa kuzaliwa kwa tofauti ya miaka michache. Sampuli zitoke kila tabaka na kila kona, zigawanywe kwa maabara mbili, na wanasheria wa familia wawepo zinapofungwa. Kaburi linalopimwa vibaya mara moja huwa vigumu sana kulifungua tena, kwa sababu serikali inalo jibu la kisayansi mkononi.

Wakili wa Mtaa

Dada Nuru, asante. Mwalimu kauliza mlango wa nje uko wapi. Iko kadhaa, haifanani, na kuichanganya ndiko kunakopoteza muda.

Wa kwanza, mashtaka ya uhalifu wa kivita mbele ya mahakama za nchi nyingine. Ubelgiji iliwahukumu Wanyarwanda wanne mwaka 2001 kwa njia hiyo. Na hapa kwetu kuna jambo halisemwi: Kenya ina Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, iliyoanza kutumika Januari 2009, na inaruhusu kumshtaki mtu aliyepo Kenya hata kama kosa lilifanyika kwingine. Miezi ya Mullivaikkal ni Januari hadi Mei 2009. Hesabu wenyewe. Lakini afisa huyo lazima awe ndani ya nchi, faili liwe limekamilika kabla hajatua, na mwendesha mashtaka akubali. Ukianza kuandika malalamiko baada ya kuona picha yake uwanja wa ndege, umechelewa. Kinga ya kibalozi nayo ni ukuta. Jenerali Jagath Jayasuriya, mmoja wa makamanda wa vita hivyo, alikuwa balozi Brazil, na malalamiko yalipowasilishwa Agosti 2017 alikuwa anaondoka.

Wa pili, vikwazo. Machi 2025 Uingereza iliwawekea vikwazo makamanda wa zamani Shavendra Silva wa jeshi la nchi kavu na Wasantha Karannagoda wa jeshi la majini, Jayasuriya huyohuyo, na Karuna, kamanda wa LTTE aliyehamia upande wa serikali 2004. Si hukumu, ila kiwango cha ushahidi kinachotakiwa ni cha chini na afisa anapoteza safari na akaunti.

Wa tatu, kesi ya nchi dhidi ya nchi, kama Gambia ilivyoishtaki Myanmar mwaka 2019 kwenye Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, chini ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari. Sri Lanka ni mwanachama tangu 1950. Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Baraza la jimbo la Kaskazini lilipitisha azimio la kuyaita mauaji ya kimbari Februari 2015, na Bunge la Kanada limeitambua 18 Mei kuwa siku ya kumbukumbu kwa jina hilo. Kisiasa sawa. Mahakamani The Hague lazima nia ya kuangamiza kundi iwe ndiyo tafsiri pekee inayoingia akilini kutokana na ushahidi. Serikali itasema ilikuwa inawapiga LTTE. Ripoti ya UN ya 2015 yenyewe ilizungumzia uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaishia hapo. Ukishindwa kesi hiyo, Colombo itatembea na hukumu kama cheti cha kusafishwa.

Mwana Barani

Kwa heshima zote, nyote mnazungumza kana kwamba kaskazini waliishi Watamil Wahindu na Wakristo tu. Oktoba 1990 LTTE waliwafukuza Waislamu wote wa kaskazini, zaidi ya watu 70,000. Jaffna walipewa saa mbili. Agosti mwaka huohuo waumini zaidi ya 100 waliuawa misikitini Kattankudy wakiwa kwenye swala. Waislamu hao huzungumza Kitamil nyumbani. Wamo kwenye hiyo haki au hawamo? Maana kila 27 Novemba, Siku ya Mashujaa ya LTTE, picha zinazopambwa maua ni za waliofanya hayo.

Mleta mada

Wamo, na kampeni isiyowataja inajikata miguu yenyewe. Ila kumbukumbu usizichanganye. 18 Mei ni ya raia, na uji unaogawiwa siku hiyo ni mchele, maji na chumvi, kile kilichobaki kuliwa Mullivaikkal. Mei 2024 watu wanne, watatu wao wanawake, walikamatwa Sampur kwa kuugawa, polisi wakiwa na amri ya mahakama na kisingizio cha afya ya jamii. Mnara wa kumbukumbu wa Mullivaikkal kwenye chuo kikuu cha Jaffna ulibomolewa usiku Januari 2021, wanafunzi wakagoma, ukajengwa upya. Hizo si sherehe za LTTE.

Hata 27 Novemba si nyepesi. LTTE walichukua kwa lazima mtoto mmoja kila nyumba, mwishoni zaidi ya mmoja. Mama anayewasha taa kaburini kwa binti aliyetekwa akapewa bunduki, utamwambia nini? Na jeshi lilipoyasawazisha makaburi ya wapiganaji hao kwa katapila, Kopay likajenga kambi juu yake.

Mwana Barani

Mama huyo simkatazi. Namkataza mwanasiasa anayesimama nyuma yake na bendera.

Mwalimu Kombo

Wakili, hiyo hoja ya Kenya ni nzuri kwenye karatasi. Machi 2014, azimio 25/1 lililoanzisha uchunguzi wa UN lilipopigiwa kura, 23 waliunga mkono, 12 wakapinga, na Kenya ilikuwa kati ya hao 12. Wakati huo viongozi wake wawili walikuwa na kesi zao ICC. Mwendesha mashtaka yupi ataigusa?

Wakili wa Mtaa

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir wakati serikali haitaki hata kusikia, baada ya asasi moja ya wanasheria kupeleka maombi. Hakukamatwa, ila hakukanyaga tena Kenya akiwa rais. Kumfungia mtu milango nako ni kazi.

Dada Nuru

Niwarudishe kwenye la haraka. Familia za waliopotezwa zimekaa barabarani Kilinochchi tangu 20 Februari 2017, na wazazi wanazidi kufariki. Mzazi akifa, vinasaba vyake vinakwenda naye. Wanapotafutwa maelfu, ndugu mmoja hatoshi. Panatakiwa wazazi wawili, au mzazi na ndugu kadhaa wa damu. Ofisi ya Watu Waliopotea, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, familia nyingi haziiamini, hivyo hazitoi sampuli. Wakati huohuo jamaa wa nyumba zilizoisha kabisa wapo Toronto na London, na hakuna anayewaomba.

Si gharama kubwa. Tone la damu au pamba iliyopitishwa ndani ya shavu, kwenye kadi maalumu, ikauke kivulini, ifungwe na pakiti ya kunyonya unyevu kwa sababu hewa ya kule ni mbichi. Inakaa miaka bila friji. Zichukuliwe kadi mbili kwa kila mtu: moja kwa mahakama ya eneo, moja nje, pamoja na fomu inayosema ni nani mwenye ruhusa ya kuifungua.

Mwalimu Kombo

Nje kwa nani? Mradi wa UN huko Geneva wa kuhifadhi ushahidi, ulioanzishwa 2021 kwa azimio 46/1, unaishi kwa kuongezewa muda na kura za nchi wanachama. Kura ikigeuka, na mifupa yote iko kwa hakimu wa Jaffna, hizo kadi zitalinganishwa na nini?

Dada Nuru

Ndiyo maana nimesema mahakama ya eneo ipate moja. Meno na mfupa wa paja navyo vikatwe vipande viwili siku hiyohiyo, hakimu akishuhudia. Ombi hilo linapelekwa mahakamani kabla kaburi halijafunguliwa, na halihitaji azimio la mtu yeyote.