Video ya saa moja hutumia data na nafasi kiasi gani?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba kufahamishwa. Inakuwaje video mbili za saa moja zitofautiane, moja ikala MB 450 na nyingine zaidi ya GB 2? Je, kuipakua kunaokoa data kuliko kuitazama mtandaoni?

Jibu la kwanza: Kinachoamua si urefu peke yake, bali ni wingi wa biti (vipande vidogo kabisa vya data) zinazotumwa kila sekunde. Video ya 1080p (picha yenye mistari 1080, ubora wa juu) inayotumwa kwa megabiti 5 kwa sekunde hufikia GB 2.25 kwa saa, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Ikishushwa hadi 480p (mistari 480, ubora wa chini) kwa megabiti 1, hubaki MB 450. Kwenye skrini ya simu, naona 480p inatosha kabisa kwa mhadhara au mahojiano.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ila aina ya mbano, yaani mfumo wa kupunguza ukubwa wa video, nayo ina uzito: AV1 ya mwaka 2018 huhitaji biti chache kuliko H.264 ya mwaka 2003 kwa ubora uleule, ingawa simu za zamani huicheza kwa shida.

Jibu la tatu: Kwa ubora uleule, kupakua hula data ileile, nafuu huja unaporudia kutazama. Ukishamaliza, ifute.