Damu ya baba ilishakuwa safi, chembe hizi zimetoka wapi tena?

Binti wa Kilosa
Habari za jioni wakubwa. Naombeni mnieleweshe, maana kliniki foleni ni ndefu na daktari ana dakika zake chache.

Baba ana miaka 58, analima mahindi na ufuta huku Kilosa. Mwaka 2021 alianza kukonda, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, na tumbo upande wa kushoto likawa gumu kama kameza jiwe. Zahanati wakampa dawa za minyoo mara mbili. Alipokuja kupimwa picha kamili ya damu, chembe nyeupe zilikuwa 286,000, wakati kawaida hazizidi 11,000 hivi. Lile jiwe kumbe ni bandama imevimba. Akaambiwa ana saratani ya damu, ile wanayoiita CML, akaanzishiwa imatinibu, miligramu 400 kila siku.

Dawa ilimkubali. Bandama ikanywea, chembe zikashuka hadi 6,200, akarudi shamba. Basi mzee akajihesabu kapona! Juzi mama anatafuta sindano ya kushonea, akafungua kopo la Blue Band, akakuta limejaa vidonge. Alikuwa hamezi, karibu miezi mitatu. Tumempeleka kupima: 51,000.

Kama damu ilikuwa safi, hizi zimetoka wapi? Na sisi watoto wanne tukapime?

Mtoto wa Mabibo
Pole sana dada. Mchemshie majani ya mstafeli, hayo mavidonge ni biashara ya wazungu. Na nasikia huko Ulaya wenyewe wanaachishwa dawa na wanadunda tu.

Mzee Darubini
Binti yangu, pole na mzee. Nimekaa maabara miaka 31 kabla ya kustaafu, nitakujibu kwa nilichokiona.

Ukiiacha chupa ya damu isimame, nyekundu inazama chini, maji ya njano yanabaki juu, na katikati panatokea utando mweupe mwembamba kama uzi. Hizo ndizo chembe nyeupe. Kwa mgonjwa wa CML ambaye hajaanza dawa, uzi ule unanenepa kama mtindi. Ukipaka tone kwenye kioo na kuchungulia, unakuta rika zote zimo: zilizokomaa, za makamo, na vichanga ambavyo havikupaswa kutoka ndani ya mfupa.

Hesabu ya 6,200 ilikuwa ya damu ya kwenye mshipa. Mshipa ni barabara tu. Kiwanda kiko kwenye uboho. Humo mna seli shina, chache mno, nyingi zimelala, na ndizo zinazozaa kila aina ya chembe: nyekundu, nyeupe na za kugandisha damu. Waliozionyesha ni Till na McCulloch kule Toronto, 1961. Waliwapiga panya mionzi hadi uboho ukafa, wakawachoma sindano ya uboho wa panya wazima, na kwenye bandama za wale panya vikaota vinundu, kila kimoja uzao wa seli moja.

Ugonjwa wa baba ulianzia kwenye seli moja ya namna hiyo. Kromosomu namba 9 na namba 22 zilikatika zikabadilishana vipande. Ile 22 iliyobaki fupi waliiona kwanza Nowell na Hungerford mjini Philadelphia, 1960. Janet Rowley akaja kueleza kubadilishana kwenyewe 1973. Pale palipoungwa panapatikana jeni mpya, BCR-ABL, na protini yake ni kama bomba lisilofungika: inaiambia seli izaliane, izaliane.

Utauliza, tunajuaje ni seli moja? Hapa huwa nasisimka kila nikieleza. Kimeng'enya cha G6PD kina aina A na B, na aina A inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwanamke aliyerithi zote mbili, ngozi yake ni mchanganyiko, seli hii A, ile B. Mwaka 1967 Fialkow na wenzake Marekani walipima wanawake wa namna hiyo wenye CML. Ngozi: A na B. Chembe za saratani: aina moja tu. Na chembe nyekundu nazo: aina ileile moja! Maana yake zote zina bibi mmoja, na bibi huyo ni seli shina.

Imatinibu inaziba lile bomba. Wajukuu, ambao uhai wao unategemea bomba, wanakufa, damu inasafika. Lakini bibi mwenyewe anaweza kuishi bila bomba. Kidonge kinamnyamazisha, hakimwui. Mwambie mzee wako ni ndago. Analima, anajua: unapiga jembe, shamba jeupe, na vile vitunguu viko chini vinangoja.

Kuhusu nyinyi watoto: kosa hili lilitokea ukubwani, ndani ya uboho, halimo kwenye mbegu ya uzazi. Hata mapacha wa kufanana, mmoja huugua CML na mwenzake akawa mzima. Msipoteze nauli.

Na wewe wa Mabibo, la Ulaya ni kweli nusu. Wafaransa waliwaachisha dawa wagonjwa 100, lakini ni wale ambao BCR-ABL ilikuwa haionekani kabisa kwa miaka 2 au zaidi, na wakawa wanapimwa mara kwa mara. Kwa takriban 6 kati ya 10 ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi 6. Baba wa huyu binti alihesabiwa chembe tu. Kipimo cha BCR-ABL alifanyiwa lini?

Mama Machungwa
Mwanangu, mimi namezea uji tangu 2013, ugonjwa huohuo. Msimkaripie mzee, muulizeni kwa nini aliacha. Mimi misuli ya miguu ilinikaza usiku hadi nalia, macho yakivimba asubuhi kama nimepigwa. Kichefuchefu kiliisha nilipoanza kumeza baada ya kula, na bilauri kubwa ya maji. Na balungi asiguse, linagombana na dawa. Nauza matunda hapa Tanga, balungi langu naliangalia tu.

Binti wa Kilosa
Shikamooni wote. Nimemsomea baba mpaka mwisho. Ya ndago amecheka. Kumbe ni kichefuchefu kweli, alikuwa anameza alfajiri tumbo tupu kabla ya kwenda shamba, na aliona aibu kusema. Mzee Darubini, hicho kipimo cha BCR-ABL hajawahi kufanyiwa. Kinapatikana?

Mzee Darubini
Marahaba. Ile mashine ya GeneXpert ya kupimia TB ina katriji yake ya BCR-ABL. Mashine zimejaa, katriji ndiyo shida, kwa hiyo ulizeni mapema. Na waambieni ukweli wa ile miezi mitatu, daktari asije akadhani dawa imeshindwa akambadilishia bure.

Binti wa Kilosa
Tunarudi kliniki Jumanne. Kopo nitalibeba.