Asembli ndani ya C: kwa nini kitanzi changu cha kusubiri kinaharibika nikiwasha uboreshaji?

Fundi Pasua (Moshi)

Ndugu mafundi, salaam. Ninatengeneza mashine za kutotolea vifaranga hapa Pasua, na hadi mwaka jana nilikuwa nikinunua vidhibiti joto vilivyokwisha kutengenezwa. Mwaka huu niliamua kuunda changu mwenyewe kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya ATmega328P inayokwenda kwa 16 MHz, yaani mapigo ya saa milioni 16 kwa sekunde, pamoja na kihisi joto cha DS18B20, ambacho huzungumza na maikrokontrola kwa waya mmoja tu wa data na kwa hiyo hudai vipindi vya kusubiri vilivyopimwa kwa mikrosekunde.

Tangu mwanzo nilikuwa nakompaili (nageuza C kuwa lugha ya mashine) kwa -O0, yaani bila uboreshaji, ili niweze kufuatilia programu mstari kwa mstari. Nilipotumia `_delay_us`, kitendaji cha maktaba cha kusubiri mikrosekunde, kompaila ilinionya kwamba bila uboreshaji vipindi vile havitakuwa sahihi, nami nikaona njia fupi ni kuandika kitanzi changu kwa asembli (maagizo ya chipu yenyewe, moja moja) ndani ya C. Nilifanya hesabu hivi: `dec` (punguza moja) hula pigo moja la saa, `brne` (ruka kama si sifuri) inaporuka hula mapigo mawili, kwa hiyo kila mzunguko ni mapigo matatu, na mizunguko 20 ni mapigo 60, yaani mikrosekunde 3.75.

```c
static inline void subiri(uint8_t n)
{
    __asm__ volatile (
        "1: dec %0  \n\t"
        "brne 1b    \n\t"
        :
        : "r" (n)
    );
}

uint8_t soma_biti(void)
{
    uint8_t biti;
    DDRD |= (1 << 2);        /* vuta waya chini */
    subiri(20);
    DDRD &= ~(1 << 2);       /* achia waya */
    subiri(20);
    biti = (PIND >> 2) & 1;
    /* ... kusubiri hadi mwisho wa nafasi ya biti */
    return biti;
}
```

Kwa wiki tatu kifaa kilifanya kazi bila kasoro. Kisha nikaongeza skrini na menyu, programu ikakaribia kuijaza kumbukumbu ya kilobaiti 32, nikawasha -Os, uboreshaji unaopunguza ukubwa wa programu. Programu ilipungua sana, kihisi kikaendelea kuitikia wito wa kwanza kama kawaida, lakini joto likawa linasomeka -0.06 wakati wote. Kwa bahati mbaya nililigundua hilo asubuhi. Kidhibiti kiliamini kwamba ndani ya boksi kuna baridi ya barafu, kikaziacha balbu zote zikiwaka usiku kucha, na trei nzima ya mayai ya kroila ya mteja ikaiva. Kipimajoto cha kioo kilikuwa kinaonyesha 43.

Swali langu ni hili: ikiwa nimeandika `volatile`, na kompaila haina ruhusa ya kuligusa asembli langu, uboreshaji umeharibu nini?

---

Mkaazi wa Njiro (Arusha)

Fundi mwenzangu, pole kwa mayai. Kabla sijasema ninachokishuku, fungua faili la .elf (programu iliyokwisha kukompailiwa) kwa `avr-objdump -d`, inayoonyesha asembli yake, utafute `soma_biti`, utuwekee hapa mistari yake ya mwanzo. Hesabu ndani ya mistari ile kuna `ldi` ngapi, yaani agizo la kupakia namba kwenye rejista (kihifadhi kidogo cha namba ndani ya chipu).

Hiyo -0.06 yenyewe imekwisha kutueleza jambo. DS18B20 hutoa joto kwa biti 16, na kila hatua ni 0.0625 ya nyuzi. Biti zote zikisomeka moja, namba inakuwa -1, nayo ukiizidisha kwa 0.0625 unapata -0.0625. Maana yake hakuna sifuri hata moja unayoiona, pengine kwa sababu unautazama waya baada ya kihisi kuwa kimekwisha kuuachia. Ingekuwa 85 ningekwambia umesoma kabla kihisi hakijamaliza kupima, kwa kuwa hiyo ndiyo namba kinayoamka nayo, na kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750.

---

Fundi Pasua (Moshi)

Asante, kaka. Haya hapa:

```
sbi   0x0a, 2
ldi   r24, 0x14
dec   r24
brne  .-4
cbi   0x0a, 2
dec   r24
brne  .-4
in    r24, 0x09
```

`ldi` ni moja tu, nami nimeiita `subiri(20)` mara mbili. Sielewi ya pili imekwenda wapi.

---

Mkaazi wa Njiro (Arusha)

Ndicho nilichokuwa nakishuku. Kompaila imeiacha ya pili kwa sababu wewe mwenyewe uliiambia kwamba haihitajiki.

Maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni kama barua iliyofungwa: kompaila huipeleka kwa asembla (programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine) bila kuifungua, na inachosoma ni bahasha tu, yaani zile orodha zinazofuata baada ya nukta pacha. Orodha ya kwanza hutaja vinavyotoka, ya pili vinavyoingia, ya tatu vinavyoharibika njiani. Juu ya bahasha yako umeandika kwamba `n` inaingia, basi. Hukusema inatoka ikiwa imebadilika. Kompaila ikachukulia kwamba rejista r24 iliyokuwa na 20 kabla ya asembli ina 20 hata baada yake, na ilipofika kwenye `subiri(20)` ya pili ikaona namba inayotakiwa imo tayari, kwa nini iipakie upya?

Kumbe wakati huo r24 ina sifuri. `dec` juu ya sifuri hutoa 255, kitanzi kikazunguka mara 256, na ile 3.75 ya pili ikageuka kuwa karibu mikrosekunde 48. Jumla umeusoma waya takriban mikrosekunde 52 tangu ulipouvuta chini, ilhali kihisi kinakuhakikishia data ndani ya 15 za mwanzo tu. Kufikia hapo mara nyingi kimekwisha kuuachia, rezista ya kuvutia juu imeupandisha, nawe unasoma moja, moja, moja.

Kwa -O0 hukuliona kwa kuwa `subiri` ilikuwa inaitwa kama kitendaji kamili, na kila wito ulipewa nakala yake ya `n`. Kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Nadhani pia ndiyo sababu kihisi kiliendelea kuitikia wito wa kwanza: bila shaka zile mikrosekunde 480 za kuanzisha mazungumzo umezipata kwa kurudia `subiri(250)` mara kadhaa, na rejista ikiwa sifuri unapata mizunguko 256 badala ya 250. Tofauti hiyo kihisi hakiihisi.

Dawa ni alama moja:

```c
    __asm__ volatile (
        "1: dec %0  \n\t"
        "brne 1b    \n\t"
        : "+r" (n)
    );
```

Alama ya kujumlisha inasema kwamba `n` inaingia na inatoka ikiwa imebadilika, na kuanzia hapo kompaila haitaiamini tena rejista ile. Ama kuhusu `volatile`, neno hilo huzuia asembli lako lisifutwe na lisiunganishwe na jingine. Halisemi lolote kuhusu rejista ulizozichafua ndani yake.

Nimefurahi kuona umetumia lebo ya namba, `1:` na `1b`. Wengi huandika jina, kisha kitendaji kinaponakiliwa mahali pawili asembla inalalamika kwamba jina limekwisha kutumika.

---

Dada wa Kiboriloni (Moshi)

Maelezo ya kaka wa Njiro ni sahihi na sina la kuyapunguza, ila naomba kutofautiana kidogo kuhusu dawa. Mimi ningeling'oa kabisa lile asembli. Onyo la `_delay_us` halikuwa linakwambia uandike kitanzi chako, lilikuwa linakwambia uwashe uboreshaji. Ukikompaili kwa -Os, ukaweka `F_CPU`, yaani kasi ya saa, kuwa 16000000UL, na ukaipa `_delay_us` namba isiyobadilika, kompaila huhesabu mapigo yenyewe wakati wa kukompaili na kuyatimiza pigo kwa pigo. Kama unahitaji kufuatilia mstari kwa mstari, kuna -Og, ambayo huboresha kwa kiasi bila kuivuruga programu mno. Binafsi sioni kwa nini mtu akabidhi kifaa kwa mteja kikiwa kimekompailiwa kwa -O0.

Hata ukikishikilia kitanzi, avr-libc, maktaba ya C ya chipu hizi, inacho tayari. `_delay_loop_1` ni hizo hizo `dec` na `brne` zako, mapigo matatu kwa mzunguko, na `_delay_loop_2` ina kihesabio cha biti 16 na mapigo manne kwa mzunguko. Bahasha zake zimeandikwa na watu waliokwisha kuumia kabla yetu.

Sisemi asembli ndani ya C haina kazi. Mwaka juzi niliwekewa oda ya bango la duka lenye taa za WS2812B, ambazo kila biti yake huchukua mikrosekunde 1.25, yaani mapigo 20 tu kwa 16 MHz, na ndani ya mapigo hayo 20 unapaswa kupandisha pini, kuamua kama biti ni moja au sifuri, kuishusha kwa wakati wake na kuandaa biti inayofuata. Hapo C ya kawaida hainipi uhakika, kwa sababu toleo jipya la kompaila likibadilisha mpangilio wa maagizo mawili tu, rangi zinaharibika. Nililiandika kwa asembli, nami nilipata adhabu yangu: nilitumia `ldi` kwenye rejista niliyoiomba kwa sharti la "r" (rejista yoyote), na siku moja kompaila ikanipa rejista iliyo chini ya r16. `ldi` haifanyi kazi huko, inataka r16 hadi r31, na sharti lake ni "d". Angalau kosa hilo asembla hulikataa papo hapo. La kwako ndilo baya zaidi, linakompailiwa kimya kimya na kusubiri mayai.

---

Mzee Transista (Arusha)

Wanangu, mmezungumza vizuri. Nina mambo mawili.

La kwanza ni intarapti, yaani vikatizo vinavyoisimamisha programu kwa muda ili kazi nyingine ifanyike. Kijana wa Pasua ana skrini na menyu, kwa hiyo bila shaka ana taima inayoikatiza programu kila milisekunde au karibu na hapo. Ikikatiza katikati ya ule muda wa kusoma biti, kitanzi kitakuwa sahihi na usomaji utakuwa mbovu, tena si kila mara, na makosa ya namna hiyo yanaweza kukumaliza mwezi mzima. Zima intarapti kwa `ATOMIC_BLOCK(ATOMIC_RESTORESTATE)`, lakini kwa biti moja moja. Ukizizima kwa baiti zote tisa, biti 72, hapo ni zaidi ya milisekunde nne, na taima yako itapoteza hesabu. Hesabu za kugeuza joto zifanyie mbali na sehemu hiyo, kwa kuwa nimewahi kuona kompaila ikiuhamisha mgawanyo uliokuwa nje ya `cli` (agizo la kuzima intarapti) ukaingia ndani, intarapti zikabaki zimezimwa muda mrefu kuliko nilivyoandika. Hata "memory" kwenye orodha ya vinavyoharibika haiuzuii mgawanyo unaofanyika ndani ya rejista tu.

La pili, baiti ya tisa ya DS18B20 ni CRC, namba ya kuhakiki kwamba baiti nyingine zimefika bila kosa. Kwa nini huihakiki? Ungeihakiki, hiyo -0.06 ingekataliwa usiku ule ule. Ila jihadhari: waya wa data ukigusana na ardhi, baiti zote zinasomeka sifuri, na CRC ya sifuri tupu ni sifuri, kwa hiyo inapita. Kataa joto lolote ambalo haliwezi kuwamo ndani ya boksi la mayai, na ukilikataa mara tatu mfululizo, zima balbu upige kengele. Nawe huna thamostati ya pili? Mimi kila boksi ninalolitoa lina ile ya bati inayojikunja kwa joto, imefungwa peke yake kwenye waya wa umeme wa balbu, haijui C wala asembli, nayo hukata ikifika 39.

---

Fundi Pasua (Moshi)

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimefanya hivi: kwanza niliweka "+r" bila kubadilisha kitu kingine, ili nijiridhishe kwamba kosa ni lile. Sasa `objdump` inaonyesha `ldi r24, 0x14` mbili, kila moja juu ya kitanzi chake, na kihisi kilichofungwa kwenye chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu kinasoma 37.6 sambamba na kipimajoto cha kioo. Kaka wa Njiro, ulikisia sawasawa: `subiri(250)` naiita mara 11.

Kisha nimelifuta lote na kuweka `_delay_us`, kama alivyoshauri dada wa Kiboriloni. Usomaji ni ule ule. CRC imeongezwa, pamoja na kukataa chochote kilicho chini ya 5 au juu ya 60, maana asubuhi za Julai hapa boksi huanza kwenye 14 au 15, sikutaka likatae kuwaka kwa baridi ya kweli. Thamostati ya bati nimeipata leo stendi kwa fundi wa pasi. Nimeijaribu kwenye boksi tupu, imekata kwenye 41, kwa hiyo kesho naikaza skrubu yake hadi ishuke, ndipo nimpigie mteja simu.