Mama ana shida ya magoti, nimpeleke Cinque Terre au nimtafutie pwani nyingine?

BintiTanga: Wakuu habari zenu. Naishi Milano. Mama anakuja Mei kutoka Tanga, na tangu aone picha za Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Liguria hapa Italia, hana wimbo mwingine. Tatizo ni magoti, ngazi zinamtesa. Mnaoijua Liguria, ataweza kweli? Na tulale wapi?

Abiria: Mpeleke dada, ila laleni Monterosso. Kati ya vile vijiji vitano ndicho chenye ufukwe mrefu wa mchanga, na stesheni iko palepale ufukweni. Gari liache nyumbani. Milima imeshuka moja kwa moja hadi baharini, hata pa kuegesha ni shida. Treni ya Levanto kwenda La Spezia inasimama vijiji vyote, dakika chache tu kati ya kimoja na kingine. Corniglia msipande kwa miguu: kijiji kiko juu ya mwamba, kama mita 100, na ngazi kutoka stesheni zinapita 370. Kuna kibasi, pandeni hicho.

Mkulima_Mstaafu: Monterosso sawa, lakini asiondoke bila kuyaangalia matuta ya kijiji cha Manarola. Mlima mzima umejengwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, juu yake mizabibu, na vireli vyembamba vya kubebea zabibu wakati wa mavuno. Kazi ya mikono ya karne nyingi hiyo, na UNESCO iliitambua 1997. Inaniuma kuona mashamba mengi yametelekezwa, maana ukuta usipotunzwa hubomoka na mvua hushusha udongo. Mafuriko ya tarehe 25 Oktoba 2011 yaliijaza Vernazza na Monterosso matope, watu wakafa. Kwa hiyo mkikuta njia imefungwa, rudini.

Kwa magoti yake kuna njia ya miguu ya Via dell'Amore, kati ya vijiji vya Riomaggiore na Manarola. Haifiki hata kilomita, imechongwa ubavuni mwa mwamba na haina mlima. Ilifungwa 2012 mawe yalipoporomoka, ikafunguliwa tena 2024. Tiketi zake mkate mapema.

BintiTanga: Mungu awabariki. Na kuoga baharini je?

Abiria: Mei maji bado baridi, ataishia kulowesha miguu. Mwambie pia huko hakuna kupwa na kujaa kama kwenu Tanga, bahari inapanda na kushuka kidogo mno. Dagaa wa Monterosso wa kutiwa chumvi asiwakose, na pesto ataipenda, ni mchuzi wa mrehani uliopondwa.

BintiTanga: Basi nakata chumba Monterosso leo hii.