Supamaketi ya hapa Mwanza: mmeondoa makeshia, mmetuletea mashine za kujilipia, halafu mnatupekua kama wezi

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jina la duka silitaji. Ni supamaketi moja ya hapa mjini, na naamini wenyewe watajijua wakisoma.

Jana Jumamosi nilikwenda kununua vitu vya nyumbani nikiwa na mama yangu mzazi. Mama alitoka Ngudu tangu Alhamisi kuja kliniki ya macho Bugando. Asubuhi ile tulianzia Mwaloni Kirumba akanunua dagaa nusu kisado wa kurudi nao nyumbani, akawafunga kwenye kitambaa, akawaweka chini kabisa ya kikapu chake cha ukindu. Kumbukeni hicho kikapu.

Zamani duka lile lilikuwa na kaunta sita za makeshia. Sasa zimebaki mbili, na jana moja ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Foleni ya ile iliyobaki ilifika hadi kwenye rafu za sabuni. Kijana wa duka akawa anapita anatuambia, "Sogeeni huku jamani, mashine ziko wazi." Mashine zenyewe ni sita. Unapitisha bidhaa mwenyewe kwenye skana, unapanga mwenyewe, unalipa mwenyewe. Mama hawezi kusimama muda mrefu, magoti yanamsumbua, basi nikaona tuende huko.

Kitu cha kwanza, mashine inaongea Kiingereza. Maandishi Kiingereza, sauti Kiingereza. Mwanza hii! Kuna sehemu ya kubadili lugha, na ukiibonyeza unaletewa Kiingereza na Kifaransa. Nani aliyeagiza mashine akaona Mwanza tunahitaji Kifaransa kuliko Kiswahili? Mama, aliyekuwa na dawa ya macho bado inamwasha, ananiuliza, "Inasemaje hiyo?" Nikawa mkalimani.

Nikapitisha mafuta ya kupikia lita tatu, yakasomeka mara mbili. Huwezi kufuta mwenyewe, lazima uite mhudumu aje na kadi yake. Mhudumu ni binti mmoja kwa mashine zote sita. Taa zinawaka huku na huku, anakimbia kama mtu anayezima moto. Tukasubiri. Alipofika akafuta, akaomba samahani, akakimbilia mashine nyingine. Huyo sina ugomvi naye hata kidogo, na nitamrudia.

Sasa ndipo mama akasema sukari yake atailipia mwenyewe, kilo mbili. Hela yake ilikuwa kwenye pindo la kanga, amefunga fundo. Ili afungue lile fundo alihitaji mikono yote miwili, na kikapu kilikuwa mkononi. Akakiweka pale karibu yake, kwenye bamba la chuma unapopanga vitu vilivyokwisha kusomwa. Mtu yeyote angekiweka pale, hakuna mahali pengine.

Taa nyekundu. Mlio. Skrini ikajifunga.

Kabla binti wa kadi hajafika, alifika mlinzi. Kijana wa miaka ishirini na kitu hivi. Hakusema shikamoo. Hakusema samahani mama. Alisema, "Mama, kuna mzigo kwenye kikapu haujalipiwa. Fungua." Nikamweleza kikapu ni chake, ametoka nacho nyumbani, ndani kuna dagaa kutoka Mwaloni. Akasema yeye anafuata utaratibu. Akakichukua kikapu, akakiinamisha juu ya lile bamba. Kitambaa kikafunguka, dagaa wakamwagika, wengine kwenye bamba, wengine sakafuni. Mashine ikazidi kulia. Mlinzi akawapekua kwa ncha ya kalamu. Dagaa jamani, eti anatafuta nini humo?

Mama yangu ana miaka 71. Alisema neno moja tu, akalirudia, "Mwanangu, mimi sijaiba." Halafu akapiga magoti, haya magoti yanayomsumbua, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja akiwarudisha kwenye kitambaa, foleni nzima ikimtazama. Noti yake ya elfu kumi, iliyokunjwa mara nne, bado alikuwa ameibana kwenye kiganja. Tulipomaliza kuokota akaiingiza kwenye mashine. Ikaikataa. Akainyoosha pajani, ikaikataa tena. Mara ya tatu nikalipa kwa simu yangu, tukatoka.

Hakuna aliyeomba radhi. Mlinzi aliondoka kama aliyemaliza kazi.

Nilipotulia nikaulizia mashine ile inavyofanya kazi, kwa sababu nilitaka kujua mama yangu alikosea nini. Hakukosea. Lile bamba ni mzani. Kila bidhaa imewekewa uzito wake kwenye kompyuta, kwa hiyo ukipitisha sukari kilo mbili mashine inangoja kilo mbili ziongezeke pale chini. Likiongezeka lolote zaidi ya hapo inajifunga na kuita mtu. Mtoto akiegemea, inajifunga. Mkoba ukigusa, inajifunga. Haijui kikapu ni nini. Na kikapu tumelazimika kukibeba sisi wenyewe, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tukatii, tukarudi kwenye vikapu vya mama zetu. Leo unaletewa mashine inayokiona kikapu kuwa ni ushahidi wa wizi.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Kazi ya keshia nimeifanya mimi. Nimepitisha bidhaa, nimepima nyanya na kutafuta picha ya nyanya kwenye skrini kati ya picha za matunda ambayo duka lenyewe haliuzi, nimefunga mzigo. Sijalipwa na bei haijapungua hata shilingi moja. Halafu nikishawafanyia kazi yao bure, mashine ikikosea mimi ndiye mshukiwa. Keshia akikosea ilikuwa anasema samahani, anarekebisha, maisha yanaendelea. Mashine ikikosea anaitwa mlinzi.

Kwenye risiti nako kuna jambo. Karatasi inayotoka pale si ya EFD, yaani ile mashine ya risiti za kodi. Haina namba ya uhakiki, haina kile kimraba cha kuskani kwa simu ukahakikisha TRA, Mamlaka ya Mapato. Ukitaka ya EFD upange foleni nyingine dirisha la huduma kwa wateja. Miaka yote tunaambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimeidai, nikasimama dakika kumi na tano kuipata, wakati VAT nimeshakatwa ndani ya bei. Watu wangapi wanaondoka bila kuidai kwa sababu wamechoka? Na ule mzani wa nyanya niliuzunguka pande zote nikitafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Sikuiona. Muuza nyanya wa gengeni akikutwa na mzani usiohakikiwa anapigwa faini. Huu wa supamaketi nani anaukagua?

Nimesema nitamrudia yule binti. Nilimkuta dirishani wakati nasubiri risiti, amekuja kunywa maji. Nilimkumbuka, alikuwa keshia kaunta ya tatu. Kila mama alipokuja mjini alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," na mama akifika Ngudu anawasimulia majirani kwamba mjini kuna binti ana adabu. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Wengine wamepunguzwa, wengine wamehamishiwa kupanga rafu. Yeye amebaki anakimbia kutwa nzima na ile kadi shingoni, na wateja wote wenye hasira wanammalizia yeye. Alimwambia mama pole. Ndiye mtu pekee wa duka lile aliyemwambia mama pole.

Pale foleni nilisikia mengi, niyaweke hapa ili msiseme ni mimi tu. Mwanafunzi wa Malimbe aliyekuwa na maji na mkate alisema yeye anazipenda, dakika moja amelipa kwa simu ameondoka. Sawa, namwelewa, mwenye vitu viwili zinamfaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema yeye amekwama mara tatu kwa sababu mtoto ananyoosha mkono anashika bamba. Mzee wa makamo alilalamika kwamba kati ya mashine sita ni moja tu inapokea fedha taslimu, na hiyo moja chenji ikiisha inakataa noti kubwa, sasa anayeuza samaki mwenye hela mkononi aende wapi? Na dada mmoja alikumbusha siku umeme ulipokatika. Jenereta ikawaka, lakini mashine zikaanza upya kabisa, vitu vyote alivyokwisha pitisha vikafutika. Akaanza moja.

Jingine linalonikera ni bidhaa za kwetu. Wana rafu ya karanga za kusaga, asali na mchele vinavyoletwa na vikundi vya akina mama. Bidhaa nyingi za hivyo hazina bakodi ya kiwandani, ile inayoanza na 620 kwa bidhaa zilizosajiliwa hapa kwetu. Duka linabandika kistika chake. Kopo la karanga likichuja mafuta kidogo kistika kinalowa, skana haisomi, taa nyekundu, ita mhudumu. Nimemwona kwa macho yangu mteja akirudisha kopo rafuni na kuchukua la kutoka nje kwa sababu lile linasomeka. Yule mama aliyekesha anasaga karanga atajuaje kwamba amekosa mteja kwa sababu ya kistika?

NYONGEZA, saa 3 usiku:

Nimesoma majibu yenu. Asanteni mliompa mama pole, nimemsomea.

Aliyeandika kwamba "mleta uzi ni mshamba, dunia inakwenda mbele": ndugu yangu, hao waliotutangulia kwenye mashine hizi wameshaanza kurudi nyuma. Uingereza kuna maduka ya Booths, yapo kaskazini mwa nchi hiyo. Mwaka 2023 walitangaza kuziondoa karibu katika maduka yao yote, wakabakiza mawili tu, kwa sababu wateja walilalamika zinachelewesha, hazitegemeki na hazina utu. Uholanzi nako supamaketi za Jumbo zilianzisha mwaka 2019 kaunta za polepole kwa watu wanaotaka kuongea na keshia, wakiwalenga zaidi wazee walio wapweke. Hao ni watu wenye mashine tangu zamani. Wameona kwamba mzee akifika dukani anataka asalimiwe. Sisi tulikuwa nalo hilo bure, kwa binti wa kaunta ya tatu, tukaliondoa.

Aliyeuliza kwa nini nisihamie duka lingine: nitahama nikitaka, lakini mama yangu ameitwa mwizi kwenye duka hili, siyo kwenye lingine. Radhi inatakiwa itoke hapa.

Na aliyesema wizi upo hivyo lazima walinzi wawe makini: wizi upo, sikatai. Ila mlioleta mashine isiyo na mtu wa kuiangalia ni ninyi. Mkiogopa kuibiwa rudisheni makeshia. Huwezi kumwachisha kazi keshia ili kuokoa mshahara, halafu hofu yako yote ya kuibiwa ukamtwika bibi kizee mwenye kikapu.

Ninachotaka ni hiki. Mama yangu aombwe radhi na meneja, siyo kwa ujumbe wa simu, ana kwa ana. Atakuwa hapa mjini mpaka Jumatano, anatakiwa kurudi Bugando Jumanne. Kaunta zisizopungua nne ziwe na makeshia siku za Jumamosi na mwisho wa mwezi. Mashine ziongee Kiswahili, ziwe na sehemu ya kuweka kikapu nje ya mzani, na zitoe risiti ya EFD palepale. Mlinzi asiguse mzigo wa mteja kabla mhudumu hajafika na kuangalia kama ni hitilafu, na hata akifika, aanze kwa salamu.

Kesho Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa dirisha la huduma kwa wateja na risiti zangu zote mbili, ile ya mashine na ile ya EFD. Wasiponisikiliza nakwenda Wakala wa Vipimo kuhusu ule mzani na TRA kuhusu zile karatasi. Aliyewahi kutozwa mara mbili au kupekuliwa pale aje na risiti yake. Nitavaa kitenge cha bluu, nitakuwa na mama, na kikapu kitakuwepo.